Kengele ya Shimo Ikilia, Funga Maji Kwanza

Wanangu, nawaandikia ninyi mliojenga na mnaoendelea kujenga, mlioko Shanty Town na Soweto hapa mjini Moshi, na mlioko juu mlimani, Kibosho, Uru, Old Moshi, Machame na Marangu. Nyumba zenu ni nzuri, na nawapongeza kwa moyo mmoja. Wazee wetu walichimba choo nyuma ya migomba, mbali na nyumba na mbali na mfongo, mfereji wetu wa maji. Kilipojaa kilifukiwa, kingine kikachimbwa pembeni, na pale pa zamani ukapandwa mgomba. Ninyi mmekiingiza choo ndani, kila chumba na chake. Ni jambo jema kwa afya na kwa heshima ya wageni na wagonjwa wenu. Lakini choo cha ndani kikijaa hakifukiwi. Kinataka mwenye nyumba anayejua uchafu wake unakwenda wapi, na anayesikia pale kinapoanza kulalamika.

Neno langu kubwa ni moja, nalitanguliza ili hata asiyemaliza kusoma aondoke nalo. Siku shimo lako la majitaka litakapotoa onyo, iwe ni kwa kengele, kwa harufu, au kwa sauti ya kububujika chooni, funga maji kwanza. Kumpigia fundi kutafuata. Kumtafuta aliyetupa pampasi chooni kutafuata pia, kama kuna haja. Maji yafungwe kwanza.

Nianze na nyumba zenye kengele yenyewe, kwa sababu zimeanza kuonekana, na sababu yake ni mlima wetu. Mtu anarithi kipande cha kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, barabara iko juu, kiwanja kinashuka kuelekea korongoni. Nyumba inakaa chini ya barabara. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kushuka katikati ya migomba, na mpira wake una urefu wake, kwa hiyo shimo linajengwa juu, jirani na barabara. Sasa maji hayapandi mlima yenyewe. Inabidi kichimbwe kisima kidogo chini ya nyumba, iwekwe pampu, na pampu isukume majitaka kwenda juu. Ndani ya kisima hicho yananing'inia maboya. Moja linaiwasha pampu maji yakipanda. Jingine limefungwa juu zaidi, na kazi yake ni kupiga kengele maji yakipita pale yalipotakiwa kuishia. Ukutani panakuwa na kisanduku chenye taa nyekundu na kitufe cha kunyamazisha.

Kitufe hicho ndicho kinachonitia hofu. Kengele inalia saa nane za usiku, kijana anaamka, anabonyeza, kunakuwa kimya, anarudi kulala. Asubuhi watu sita wanaoga, nguo zinafuliwa, na kabla ya saa nne majitaka yanachomoza kwenye tundu la bafu la chini. Kitufe kilinyamazisha sauti tu, maji yaliendelea kupanda usiku kucha.

Sikukatazi kukibonyeza. Bonyeza, watoto walale. Kisha toka kitandani kabisa, nenda kwenye koki kuu ufunge, na kama mna tangi la juu, funga koki ya tangi, maana wengi hufunga ya mtaani na kusahau kwamba tangini bado kuna maji ya kutosha kujaza kisima. Waambie wote waliomo ndani, hata mgeni wa chumba cha mwisho. Fundi mzuri huacha nafasi kati ya alama ya kengele na ukingo wa kisima, nayo inawapa saa kadhaa za kupumua. Lakini choo kikivutwa mara moja kinamwaga lita 6 hadi 9, na mtu akisimama chini ya bomba la mvua dakika 10 anaweza kumwaga lita 80 na zaidi. Watu wawili wakioga bila kujua, nafasi ile imekwisha.

Maji yakishafungwa, tazama umeme. Kwenye ubao wa swichi, pampu na kengele zinatakiwa ziwe na swichi mbili tofauti, ili pampu ikikatika kengele ibaki hai. Kama fundi wako aliziunganisha pamoja, mrudishe azitenganishe. Ukikuta swichi ya pampu imeanguka, iinue mara moja tu. Ikianguka tena, iache. Pampu ina hitilafu, na kuilazimisha ni kuiunguza, au kujitafutia shoti mahali penye maji. Wakati mwingine hakuna kilichoharibika. Umeme ulikatika, au Luku iliisha usiku, majitaka yakajikusanya wakati pampu imelala, na umeme uliporudi kengele ikalia kwa sababu boya lilikuwa limeshapanda. Katika hali hiyo subiri tu, maji yakiwa bado yamefungwa. Ukisikia pampu inanguruma na baada ya muda taa nyekundu ikazimika yenyewe, fungua maji taratibu. Inanguruma lakini maji hayashuki? Kuna kitu kimeziba. Haingurumi kabisa? Mwite fundi wa umeme anayezifahamu pampu, na mpaka afike mtumie choo cha nje. Kwa ajili hiyo nawasihi kila nyumba ya kihambani ibakize choo kimoja cha nje, kisafi, chenye mlango. Msikibomoe kwa kuona haya.

Na kengele yenyewe ijaribiwe. Visanduku vingi vina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni kila baada ya miezi michache, kwa sababu kengele iliyokufa kimya inampa mwenye nyumba amani ya uongo.

Wengi wenu, hata hivyo, hamna kengele ya umeme. Mna shimo la kawaida la vyumba viwili au vitatu na jingine la kunyonya pembeni, na majitaka yanateremka yenyewe. Nanyi mnapewa onyo, ila linakuja kidogo kidogo. Choo kinameza maji polepole, kisha kinatoa mapovu. Bafu linanuka asubuhi kabla hujalitumia. Nyasi juu ya shimo la kunyonya zinakuwa za kijani wakati wa kiangazi, wakati uwanja mzima umekauka. Mende wanatoka kwenye chemba. Udongo unakuwa laini ukiukanyaga.

Jifunzeni kuzisoma dalili hizo, maana kila moja inaonyesha mahali. Kama ni sinki moja tu linalosuasua, tatizo ni la bomba lile, na mara nyingi ni mafuta ya kupikia yaliyoganda. Kama nyumba nzima inasuasua, na bafu la chini kabisa ndilo linaloanza kurudisha, tatizo liko kwenye bomba kuu au shimoni. Fungua chemba iliyo karibu na nyumba. Ukiikuta imejaa, kizuizi kiko mbele yake, kuelekea shimoni. Ukiikuta tupu huku choo hakipiti, kizuizi kiko kati yake na nyumba. Kwa kazi hiyo ya dakika tano unamwita fundi ukijua unamwitia nini, naye hatakuvunjia sakafu bure.

Shimo lenyewe linafanya kazi kwa utulivu. Kizito kinazama na kuwa tope, mafuta yanaelea juu na kufanya utando, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kunyonywa na udongo. Vijidudu vinalila tope polepole, lakini havilimalizi. Kila mwaka linapanda. Likizidi, maji yanatoka yakiwa yamebeba uchafu, uchafu unaziba matundu ya udongo kwenye shimo la kunyonya, na hapo hata ukilinyonya lile la kwanza, la pili limeshakufa. Kwa nyumba ya kawaida, kunyonya kila baada ya miaka 3 hadi 5 kunatosha. Lakini usikisie. Chukua mti mrefu ulionyooka, zungushia taulo jeupe kuukuu upande mmoja, ulifunge vizuri, uuteremshe mpaka chini kupitia mfuniko wa ukaguzi, usubiri dakika chache, kisha uupandishe taratibu. Tope linaacha alama nyeusi kwenye taulo, na juu yake unaona alama ya maji tu. Tope likifika theluthi ya kina chote, gari la majitaka liitwe. Fanyeni wawili, simameni upande upepo unakotokea, msiinamie tundu, na asiwepo mwenye sigara.

Sasa nije Desemba, ambayo kwetu ina uzito wake. Shimo linalomtosha mzee na mama mwaka mzima linakutana ghafla na ukoo mzima kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi. Tufanye hesabu pamoja. Chukueni shimo la lita 4,500. Tuseme kila mtu anatumia lita 80 kwa siku. Wazee wawili wanatumia 160, kwa hiyo maji yanakaa humo karibu wiki nne, yanatulia, yanajichuja. Wakifika watu 25, ni lita 2,000 kwa siku, bila kuhesabu nguo za watoto, masufuria ya mtori na kuosha mapipa ya mbege. Na kama shimo lina umri wa miaka kumi, na nusu ya ujazo wake ni tope, nafasi iliyobaki ni lita 2,250. Maji yanakaa siku moja tu, yanatoka yakiwa machafu kama yalivyoingia. Basi tarehe 26, nyama ingali motoni, choo kinarudisha. Mafundi wote wako kwao, magari yana foleni, na mama wa nyumba, aliyewasubiri wanawe mwaka mzima, anatembea na ndoo kuficha aibu isiyo yake.

Wanangu, mama yule hastahili hayo. Mnaotuma fedha za rangi na za tiles mwezi Novemba, tumeni kwanza za kunyonya shimo. Na mkifika, machicha ya mbege yaende kwa ng'ombe au kwenye migomba, yasiende kwenye sinki. Mafuta ya nyama yafutwe kwa karatasi kabla sufuria halijaoshwa. Taulo za kike na pampasi ziwe na ndoo yake yenye mfuniko. Nguo zifuliwe kwa zamu, zisifuliwe zote siku moja.

Wapo watakaowauzia dawa za shimo. Mmoja atasema mmimine chumvi gunia zima, mwingine atasema mtumbukize mzoga wa kuku ili vijidudu vizaliwe. Msipoteze fedha. Vijidudu vinaingia vyenyewe na kinyesi kila siku, na chumvi nyingi inavidhuru, kama inavyodhuru dawa kali ya kung'arisha nguo ikimwagwa kwa wingi. Hakuna kinachoondoa tope isipokuwa kulitoa.

Linalonisikitisha kuliko yote linatokea wakati wa masika, Aprili na Mei, udongo ukiwa umeshiba maji na shimo la kunyonya halinyonyi. Mvua kubwa inaponyesha, mtu anafungua chemba yake usiku na kutapisha choo, uchafu uende na mafuriko. Anaamka asubuhi uwanja wake uko safi. Kwa jirani wa chini je? Sisi ni watu wa mteremko. Kila mmoja wetu ana mtu aliye chini yake. Babu zetu walilielewa hilo, wakauwekea mfongo zamu, wazee wa kuusimamia na siku za kuusafisha, na aliyeuchafua aliitwa akajibu mbele ya watu. Mimea ya masale inaonyesha mpaka wa kihamba, lakini majitaka yanapita chini ya masale bila kusimama. Yanaingia kwenye mfongo ambao binti wa jirani anachotea, kisha Karanga, Rau au Weruweru, na mito hiyo inashuka tambarare hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na Mto Pangani unaendelea mpaka Bahari ya Hindi. Hata yasiyopita juu yanazama ardhini, na mlima wetu ni wa volkano, miamba yake ina nyufa zinazopitisha maji upesi. Maji yanayoletwa mjini kutoka chemchemi za Nsere na Shiri yanatoka kwenye mlima huu huu tunaochimbia mashimo.

Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingi ya nchi na kuchukua zaidi ya miaka miwili kudhibitiwa. Ugonjwa ule unapita kwenye maji na chakula vilivyoguswa na kinyesi, kwa hiyo anayetapisha choo anaweza kuupeleka kwenye ndoo ya mtu asiyemfahamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kabla ya kuchimba shimo la majitaka ni vyema kumwita bwana afya wa kata aje aone mahali. Lakini hata kama hakuna atakayekukamata, usifanye. Na kama shimo lako limeshamwagika kwa jirani kwa bahati mbaya, nenda kwake siku hiyo hiyo, mweleze, mwambie asichote wala asinyweshe mifugo hapo, msaidie kusafisha na kumwagia chokaa. Kwetu aliyekosa hubeba sale akaombe msamaha. Libebeni, na mbebe koleo pia.

Gari la kunyonya likija, ulizeni linakwenda kumwaga wapi. Hapa Moshi mtandao wa mabomba ya majitaka wa MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, unafika sehemu ya mji tu, na majitaka yanatibiwa kwenye mabwawa ya Mabogini. Huko ndiko gari linatakiwa kwenda. Anayewatoza bei ndogo sana na hataki kusema anamwaga wapi, mwacheni aende zake. Dai risiti. Kama shimo liko mtaani na mabomba ya mamlaka yamepita karibu, gharama ya kujiunga ni ndogo kuliko ya kunyonya maisha yote.

Nimeacha la hatari zaidi mwisho ili niliseme kwa nafasi yake. Asiingie mtu shimoni. Si kijana mwenye nguvu, si fundi mzoefu, si kwa dakika moja, si kwa kuokota simu. Tope likioza linatoa gesi. Moja inanuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu anadhani imekwisha, na pumzi chache tu zinamwangusha. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inajilaza chini shimoni hata mfuniko ukiwa wazi. Nyingine inashika moto, ndiyo maana nimekataza sigara, na nakataza pia kibatari na kiberiti. Na tazameni vifo vya mashimo vinavyotokea: anaanguka wa kwanza, ndugu yake anamwona, anaruka kumwokoa, anaanguka naye, kisha wa tatu. Upendo wa ndugu ndio unaowaua wa pili na wa tatu. Kama mtu ameanguka, usiteremke. Piga kelele watu waje, zuia wengine kwa nguvu, mrushie kamba kama bado anaweza kuishika, na piga simu 114.

Mifuniko iwe ya zege, mizito, isiyoinuliwa na mtoto, na isiachwe wazi hata fundi anapokwenda kula. Mfuniko uliopasuka ubadilishwe wiki hiyo. Lori la mchanga lisipite juu ya shimo, na parachichi lisipandwe karibu, mizizi yake inafuata maji.

Leo, kabla hamjalala, chukueni kalamu ya wino usiofutika. Karibu na koki kuu ya maji andikeni namba ya fundi wenu wa bomba, ya fundi wa umeme, ya gari la majitaka na ya bwana afya wa kata yenu. Juu yake andikeni 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kisha mwonyesheni kila anayelala katika nyumba hiyo, kuanzia mtoto anayejua kusoma, koki iko wapi na inafungwa kuelekea upande gani.